Zamu ya Ijumaa

Mtu wa kwanza kuniuliza nimekula nini nilipohamia Amu, mji wa Lamu, alikuwa bibi jirani yangu, na hakuuliza kwa huruma. Kuna harufu ilikuwa ikishuka kutoka chumba changu cha juu, naye alitaka kujua kama ni samaki ameoza au ndivyo tunavyopika kwetu Mwingi. Nikamwambia ni maharagwe yameungua. Akasema basi kama ni ya kuungua hayana neno, akarudi ndani. Wakati huo mtaa wetu haukuwa na kikundi chochote cha ulinzi. Ulikuwa na pua yake tu.

Baadaye watu walianza kumwita Bi Zamu, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua wanaolihitaji. Ukoo wake siufahamu vizuri, ila najua alitoka kisiwa cha Pate akaolewa Amu, na kwamba mumewe alikuwa ameshafariki nilipofika. Nilimfahamu kwa miaka mingi, tangu nikiwa mwalimu kijana wa hesabu mpaka nikawa mwalimu mzee wa hesabu, na katika muda huo wote sikuwahi kumwona akikimbia wala kumsikia akipaza sauti. Hata hivyo ndiye aliyeuchukua mtaa uliokuwa ukiibiwa mchana kweupe akaufanya mtaa ambao watu huja kuomba vyumba. Na ndiye aliyefanya mimi na wenzangu wa bara tusifukuzwe. Nataka kueleza alivyofanya, maana siku hizi kila ninayekutana naye anadai alikuwepo.

Kazi yake ilikuwa usomo. Mwanamke anayemfunza bibi harusi mambo ya ndoa na kukaa naye mpaka harusi iishe huitwa somo, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wamepita mikononi mwake. Maana yake ni kwamba alijua mambo ya waume zao ambayo waume wenyewe wasingependa yajulikane. Hakuwahi kulisema hata moja. Lakini ungemwona mzee na heshima zake ameanza kubishana naye, halafu katikati ya maneno anakumbuka kitu, anashusha sauti, na mjadala unaishia hapo. Mke wangu alikuwa Mwingi siku hizo, kwa hiyo mimi nilikuwa mmoja wa wanaume wachache walioweza kumpinga bila hofu. Nilimpinga mara nyingi na sikushinda hata mara moja.

Asubuhi alifagia mbele ya mlango wake, kisha mbele ya mlango wa jirani wa kulia, na wa kushoto akauacha makusudi mpaka mwenyewe aone haya. Kila aliyepita alimsalimia, na salamu zake zilikuwa ndefu: hali yako, hali ya nyumbani, wazee, watoto, kazi, lile jino lililokuwa likikusumbua. Mwenye safari ya halali alijibu yote huku akilalamika moyoni kwamba anacheleweshwa. Asiyekuwa nayo aliona afadhali azunguke na kupita kwingine. Aliniambia siku moja kwamba mwizi anaweza kustahimili rungu, lakini kuulizwa habari za mamake hawezi. Nilicheka. Yeye hakuwa akifanya mzaha.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alihimiza kila mtu afunge mlango kwa komeo, na wake mwenyewe ulikuwa wazi kuanzia alfajiri mpaka anapokwenda kulala. Alitoa chakula kwa mtu yeyote aliyesimama mlangoni, lakini sukari alikupimia kwa kijiko cha dawa. Punda akimzibia njia alimsukuma kwa kiganja bila hata kumtazama, ila akipita paka alipanda juu ya daka, lile benchi la mawe lililo nje ya mlango wake, akakunja miguu mpaka mnyama apotee. Na huu ni mji wa paka. Mara nyingi nilimkuta kiongozi wetu wa usalama juu ya daka, miguu imekunjwa, akiendelea kutoa amri.

Nyimbo za kanisani kwetu hakuzipenda, na hakunificha. Kila Jumapili nikipita kurudi nyumbani aliniambia jambo lile lile, kwa upole, akiwa kama ananipa habari mpya.

"Mngu si kiziwi, Mwalimu."

Nilimjibu kwamba hata adhana ina kipaza sauti. Akasema adhana ni fupi. Nikapanda ngazi.

Sasa nije kwenye Ijumaa.

Watu wa boti mtaani kwetu walikuwa na desturi ya kufungua injini zao na kuzihifadhi katika vyumba vya chini vya nyumba, kwa sababu injini ikiachwa ufuoni haikai. Halafu ukaja msimu ambao hata huko ndani hazikukaa. Injini zilianza kupotea, moja baada ya nyingine, na zote zilipotea wakati ule ule: Ijumaa adhuhuri, wakati wanaume wako msikitini na wanawake wako jikoni ghorofa za juu. Aliyeumia zaidi alikuwa mzee mmoja mwenye boti ya abiria, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alikuwa na injini mbili. Ya kwanza ilipochukuliwa alibaki na moja, na nyumba nzima ya watoto na wajukuu ikawa inakula kwa injini hiyo moja.

Huyo mzee alikaa akafikiri, akafikia jibu. Saa ile ya Ijumaa wanaume wote wa mtaa wamo msikitini, bega kwa bega, kila mmoja ana mashahidi. Nani aliyebaki nje? Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kusema kweli sikuona palipo na kosa katika hesabu yake. Waliobaki nje tulikuwa sisi wa bara: mimi, askari magereza mmoja aliyepanga karibu na kisima, mwenye duka la nafaka pale kwenye kona, na muuguzi kutoka Meru aliyekuwa na mume baharini na mtoto mchanga mgongoni. Hatukuwa tumeshtakiwa kwa jina. Tulikuwa tumepatikana kwa kutoa.

Basi likaitwa baraza, baada ya sala ya alasiri, kwenye daka la mzee mwenye boti. Tuliitwa na sisi, kwa adabu, tukaletewa kahawa. Mzee alisema hana ugomvi na mtu, wala hasemi fulani ni mwizi, ila anawaomba wenye nyumba za mtaa huu wasipangishe tena watu wasiojulikana kwao, na waliopo wapewe mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna aliyempinga. Mwenye nyumba yangu, niliyekuwa nikicheza naye bao, alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake. Nilitazama upande wa muuguzi. Nilijua kwamba tangu uvumi ulipoanza alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye maboksi, na hakuwa na pa kuvipeleka. Nami nilijua kwamba nikitolewa mtaa huo sitapata moyo wa kuanza upya mtaa mwingine, nitaomba uhamisho nirudi kwetu. Niliona uchungu sana. Nilikuwa nimefundisha watoto wa wazee waliokuwa wamekaa pale.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya mlango uliokuwa umefunguliwa nusu. Mwanamke wa makamo yake hakai kwenye baraza la wanaume, lakini hakuna sheria inayomzuia kusimama upande wa pili wa mlango, na Bi Zamu alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo.

"Muibiwapo ni Ijumaa, na Ijumaa nyinyi muko msikitini," akasema. "Basi zamu ya Ijumaa wapeni hawa. Wakiwa ni wezi tutawayua mara moya. Na wakiwa si wezi, mutawataka radhi."

Mzee mwenye boti aliuliza, bila kugeuka, kama mtu mwenye akili humpa fisi bucha. Sauti ikamjibu kwamba kwa sasa bucha halina mtu kabisa. Mzee alifungua kinywa aongeze, halafu akakumbuka kitu. Sijui alikumbuka nini, na sitakijua, maana mkewe alifunzwa na Bi Zamu. Akasema haya, tuone.

Kesho yake Bi Zamu alituita nyumbani kwake. Alituketisha katika ukumbi wa mlangoni, sisi wanne, akatufunza mtaa kama anavyomfunza bibi harusi nyumba. Nani anaishi wapi, nani mgonjwa asiyekwenda msikitini, mlango gani ukiwa wazi ni kawaida na upi ukiwa wazi ni habari. Alitukataza kubeba rungu. Alitukataza pia kukaa bure: aliye zamu atoke na jembe au mwiko wa chokaa, na mtaro anaoukuta umeziba asiuache umeziba. Askari magereza alinong'ona kwamba tumekuja kulinda, hatukuja kufanya kazi ya halmashauri. Akamsikia. Akamwambia mtu anayezibua mtaro hutazama kila mguu upitao, na hakuna anayemshangaa.

Halafu akatuonyesha kengele yetu. Ilikuwa ni kinu, kile kile cha kutwangia, kilichokaa karibu na mlango wake. Kwa watu wa huku kutwanga kinu kitupu ni mwiko. Mtoto akijaribu hufinywa, na mtu mzima hata hajaribu. Kwa hiyo, akatueleza, sauti ya kinu kitupu hakuna anayeitoa kwa kawaida, na kila mwanamke aliye ndani ya nyumba anaitambua tofauti na ya kinu chenye kitu. Kinu kitupu kina mlio mkavu unaopenya kuta za mawe. Mkiona jambo, twangeni. Mtaa utashuka wenyewe.

Ijumaa ya kwanza haikutokea kitu, nasi tukashukuru. Lililotokea lilitokea katikati ya wiki. Mdogo wake muuguzi alikuwa amefika kutoka Meru kumsaidia kulea mtoto. Akaazima kinu kwa Bi Zamu, akatwanga mahindi yake, akakiosha vizuri, na kwa kuwa ni msichana mwenye mikono safi akataka kukirudisha kikavu. Akashika mchi, akaanza kukitwanga ili maji yatoke.

Nilikuwa shuleni karibu na hapo nasahihisha madaftari, na nilifika na kalamu mkononi. Mzee mwenye boti alitoka nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina povu. Bibi harusi mmoja alishuka amenyoosha mikono mbele, hina haijakauka. Wanawake walijaa njia nzima, na katikati yao msichana wa Meru, mchi hewani, akituangalia sote tukimwangalia. Aliyeelewa kwanza ni dada yake, naye alijifunika uso. Mzee mwenye boti alifuta povu kwa mkono, akasema kwa sauti ya mtu aliyejua tangu zamani: hao ndio mliowapa mtaa wawalindie, watu wasiojua hata kinu.

Nilifikiri yamekwisha. Lakini Bi Zamu alikuwa hasikilizi. Alikuwa akipitisha macho, uso kwa uso, akitazama nani ameshuka. Alipomaliza alisema kengele inafanya kazi, tena vizuri, na kwamba kuna nyumba kadhaa hazikuleta mtu. Akazitaja. Akasema hizo ndizo zitakazozibua mtaro wa kisimani wiki hii. Msichana wa Meru alirudishiwa mchi, akaambiwa kinu hukaushwa juani kimelazwa ubavu. Mtaro ule ulikuwa umeziba tangu kabla sijafika Amu, na wiki hiyo maji yalipita.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa upande wa chini wa njia, na mwiko wa chokaa, nikiziba nyufa za daka la mtu. Muuguzi alikuwa juu, nje ya nyumba ya Bi Zamu, mtoto mapajani. Hutuba ilikuwa ikisikika kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti. Punda mmoja akaingia njiani, amebeba magunia, mbele yake mwanamume aliyevaa kanzu na kofia safi, nyuma yake kijana mwenye kizibao cha kazi. Muuguzi aliwasalimia kama tulivyofunzwa, yaani salamu ndefu, na yule wa kanzu alijibu zote bila kukosea. Kisha muuguzi akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa Amu angelifanya kwa mtu mzima asiyemjua. Alimuuliza mbona hayuko kwenye sala.

Yule bwana alishikwa. Ameulizwa habari ya sala na Mkristo, tena mwanamke, tena ananyonyesha. Akasema yeye ni msafiri, ameshuka botini sasa hivi, na msafiri ana ruhusa. Ni jibu zuri, na lingemtosha mtu mwingine yeyote.

"Na punda naye ni msafiri?" muuguzi akamuuliza.

Alipomwona anamharakisha punda, muuguzi aliinuka, akamlaza mtoto kwenye mkeka, akashika mchi.

Kusikia ule mlio kwa jambo la kweli ni tofauti. Milango ilifunguka juu na chini ya njia, wanawake wakatoka na buibui nusu, na miko na makarai mikononi, na njia ile, ambamo punda aliyebeba mzigo hawezi kugeuka, ikajaa mbele na nyuma. Punda akasimama. Nadhani ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Tulipovuta magunia tukakuta injini, na kila mtu aliijua, maana ilikuwa na utepe mwekundu aliofunga mjukuu wa mzee mwenye boti. Ilikuwa ndiyo injini yake iliyobaki.

Yule kijana wa nyuma alinitazama. Sijui alinitambuaje, labda kwa kusikia mtu ananiita Mwalimu pamoja na jina langu la kwetu, lakini alinisogelea akaanza kunisihi kwa Kikamba. Alisema ametoka kijiji cha jirani na changu, na kweli alitaja kilima ninachokijua. Alisema nimpishe tu apite nyuma yangu, sisi ni watu wa nyumbani. Wanawake wote wakageuka kunitazama. Hawakuelewa maneno, ila walielewa kwamba kuna lugha inazungumzwa na mimi naijua. Niliona macho ya Bi Zamu, na kwa mara ya kwanza sikuona ndani yake amri yoyote. Aliniacha nichague.

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, ili dirisha la juu kabisa lisikie. Nilimwambia kwamba nyumbani kwangu ni hapa, na hapa ndipo alipokuja kuiba.

Askari magereza alikuwa ameshafika na alitaka kuwapiga, na hakuwa yeye peke yake. Bi Zamu akakaa kwenye daka lake, akasema asipigwe mtu. Alisema akipigwa hatasema injini nyingine ziko wapi, na zaidi ya hapo, watu watakaotoka msikitini wakikuta damu watauliza nani kamwaga damu, hawatauliza nani kaiba. Akaagiza waletewe maji ya kunywa. Kwa hiyo wanaume wa mtaa walipotoka kwenye sala walikuta hivi: wezi wawili wameketi chini wanakunywa maji, wabara wanne wamewazunguka wakiwa na mwiko, jembe, mtoto na mchi, wanawake wa mtaa mzima nje, na punda anakula maganda ya ndizi. Mzee mwenye boti alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akaiwekea mkono.

Kisha akawatazama wale wawili vizuri, yule wa kanzu, ambaye alikuwa mtu wa visiwa hivi hivi, na yule wa kizibao, ambaye alikuwa wa kwetu. Akasema jambo ambalo bado linasimuliwa Amu, kwamba tumeketi hapa tunabishana nani akae na nani, kumbe wezi wameshaelewana zamani.

Polisi waliwachukua, na injini kadhaa zilipatikana bara, zimefichwa kwenye kibanda cha shamba. Hakuna mwenye nyumba aliyetaja tena habari ya mwisho wa mwezi. Muuguzi alifungua maboksi yake. Radhi, hata hivyo, hatukuombwa na mtu, na mimi nilikuwa nimeanza kunung'unika. Jumapili ilipofika tulikwenda kanisani kama kawaida. Tuliimba, na tuliimba kwa nguvu kwelikweli siku hiyo. Tulipotoka tulimkuta mzee mwenye boti ameketi langoni kwenye kiti cha plastiki, juani, kofia imenyooka na bakora imelazwa magotini. Alikuwa hapo tangu ibada ianze. Wanawe wawili walikuwa wamesimama mtaani mbele ya milango yetu. Nilimshukuru. Akasema nyimbo zetu ni ndefu mno, akakunja kiti chake, akaenda.

Hivyo ndivyo zamu yetu ilivyokamilika, na imekaa hivyo mpaka leo. Ijumaa adhuhuri mtaa uko mikononi mwa watu wa kanisani, na Jumapili asubuhi uko mikononi mwa watu wa msikitini, na siku za katikati wamechanganyika. Watu wa utawala walipokuja walituambia hii ndiyo Nyumba Kumi wanayoihubiri kila siku. Sisi tuliendelea kuiita zamu.

Nayo zamu ilizaa mengine, kwa sababu ya ile sheria ya kutokaa bure. Mitaro ilipita maji, mbu wakapungua. Madaka yalipigwa chokaa. Kwa kuwa njia ilikuwa salama, wanawake walianza kutoa meza zao jioni na kuuza mahamri, viazi na samaki wa kukaanga, na watu wa mitaa mingine wakaja kula kwetu. Wenye meza walichanga taa za sola, na chini ya taa hizo mimi nikaanza kufundisha hesabu kwa watoto wanaojiandaa kwa mitihani, na wasichana waliruhusiwa kuja, jambo ambalo zamani mzazi asingekubali giza likiingia. Nyumba zilizokuwa zimefungwa zilifunguliwa na kukodishiwa wageni. Watu wa Shela, kijiji jirani, walituma ujumbe kuja kuuliza tunafanyaje. Walitoka na habari ya kinu, nasikia huko wanatumia sinia.

Siku moja alikuja afisa mkubwa na msafara wake. Vijana wetu walikuwa wameandaa hotuba ya mahitaji, yenye mambo mazito, kuanzia kamera mpaka boti ya doria. Afisa akamwuliza Bi Zamu, mtaa unataka nini. Akasema wilbaro. Vijana walishika vichwa. Afisa alicheka, na wilbaro ililetwa wiki hiyo hiyo, na nimeona mitaa iliyoomba boti ikiwa bado inaisubiri.

Hakuwa malaika. Alinifukuza zamu mwezi mzima kwa kuchelewa mara moja, na mwezi huo kila aliponiona alinisalimia kwa adabu aliyowawekea watalii. Nilimkasirikia sana. Siku ya kurudishwa alinipa jembe, nami nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo, na najua nafanya mzaha na cheo changu ninaposema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miguu ilipomshinda ngazi, binti yake alikuja kumchukua akamrudisha Pate. Zamu aliikabidhi kwa muuguzi. Aliyeinuka kuunga mkono kwanza alikuwa mzee mwenye boti, na baada yake hakukuwa na haja ya mtu mwingine kusema. Mimi nilistaafu mwaka uliofuata. Watu wa ofisini waliniuliza mizigo yangu ipelekwe Mwingi kwa njia gani. Nikawaambia isipelekwe, na badala yake nikamleta mke wangu Amu.

Mwaka huu nilikwenda kumwona. Boti ilisubiri maji yajae ndipo ikapita mlango wa bahari katikati ya mikoko, kisha nikachukua pikipiki, kisha nikatembea. Nilimkuta ameketi uani kwenye mkeka pamoja na majirani wawili, wanasuka ukili wa mikeka. Amekonda, na jicho moja limeingia ukungu, lakini salamu hazijapungua. Aliniuliza mtaa mzima, mlango kwa mlango, na nani siku hizi anachelewa. Nilimpa majina. Aliridhika nayo.

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema. Alisema ameishi Amu tangu ujana, ameolewa Amu na kuozesha watu wa Amu, amezika mume Amu, na mpaka siku anashuka ngazi za bandarini kuondoka kuna waliokuwa wakimwita yule bibi Mpate. Hakusema kwa chuki. Alisema alikuwa akilisikia neno hilo kila siku, na siku ya lile baraza, akiwa nyuma ya mlango, alilisikia tena, ingawa safari hii lilikuwa likisemwa juu yetu.

Nilimwambia nashukuru.

Jirani mmoja, mama mnene aliyekuwa akinitazama tangu nilipoingia, akamgeukia. Alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi, huyu mbara wake ametoka wapi. Swali hilo nimeulizwa miaka yote na jibu lake ninalo tayari, na baada ya jibu huwa naeleza Mwingi iko upande gani. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Bi Zamu hakuinua macho kwenye ukili wake.

"Si mbara huyo," akasema. "Mwamu huyo. Wa mtaani kwangu."

Yule mama akaitikia, akanisogezea sinia ya tende, akaniuliza habari za Amu. Nikampa zote.